DAWA ZILIZODHURU: TUULIZE KABLA YA KUTIBU

(Maandishi ya mhadhara uliotolewa kwa waumini wa Bugarama)

  



Maudhui yetu leo ni tiba. Tumekusudia kuzieleza baadhi ya dawa ambazo watu wa zama zilizopita walizinywa na kudungwa wakiwa na yakini kamili kwamba zinaponya, ilhali leo ukizisikia mwili unasisimka. Makusudio si kuchekesha baraza, wala si kuwadharau waliotutangulia. Tunataka kujiuliza: watu wenye akili timamu, wakiwemo wafalme na mabingwa wa elimu, waliingiaje katika mambo hayo? Na je, sisi tulioketi hapa tumesalimika nayo?

MUMIA: NENO LILILOPOTEA NJIA

Tuanze na neno la Kiarabu. Katika vitabu vya tiba vya Waislamu wa zamani, miongoni mwao vya al-Razi na Ibn Sina, imetajwa dawa iitwayo mumiyai. Asili ya jina hilo ni neno la Kifursi lenye maana ya nta. Ilikuwa ni lami nyeusi itokayo katika miamba ya Uajemi, na matabibu waliitumia kwa mifupa iliyovunjika na majeraha. Ilikuwa adimu, na kwa hiyo ilikuwa ghali.

Wamisri wa kale nao walikuwa wakiwahifadhi maiti wao kwa utomvu na vitu vingine vyeusi vinavyofanana na lami ile. Vitabu vya Kiarabu vilipofasiriwa kwa Kilatini kuanzia karne ya 11 na ya 12, maana ikahama hatua kwa hatua. Kwanza lami ya mwambani ikachanganywa na kile kitu cheusi kilichokutwa makaburini. Kisha jina la kile kitu cheusi likahamia kwenye maiti mwenyewe. Mwisho wake watu wa Ulaya wakawa wanakula nyama ya binadamu iliyokaushwa, iliyosagwa na kuuzwa dukani kama dawa ya kuvilia damu, kikohozi na maumivu ya tumbo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Ulaya peke yake. Mwanachuoni Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliishi Misri na kuandika aliyoyaona huko. Ameeleza kwamba vitu hivyo vya makaburini vilikuwa vikiuzwa, na kwamba yeye mwenyewe alinunua vichwa vitatu vilivyojaa mumiyai kwa nusu dirhamu. Akaona kwamba ile ya makaburini ingeweza kushika nafasi ya ile ya mwambani.

Tazama kilichofuata. Mahitaji yalipozidi, maiti wa kale hawakutosha. Mwaka 1564 tabibu mmoja wa Kifaransa, Guy de la Fontaine, alifika Aleksandria na kumwendea mfanyabiashara wa mumia. Aliyoyasikia yalimshtua. Bidhaa ile haikutoka katika makaburi ya wafalme wa kale. Ilikuwa ni miili ya watumwa na watu wengine waliofariki karibuni, ikatiwa dawa na kukaushwa. Mfanyabiashara hakujali walikuwa wamekufa kwa maradhi gani. Kilichomshangaza yeye ni namna wateja wake wa Ulaya walivyokuwa tayari kuitia miili hiyo vinywani mwao.

Habari hiyo aliiandika Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1582 kuipinga mumia. Paré alisema kwamba aliijaribu mara nyingi na hakuona faida yake, bali ilileta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na harufu mbaya ya kinywa. Pamoja na hayo, biashara iliendelea. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alinunua siri ya kutengeneza matone yaliyotokana na fuvu la kichwa cha binadamu. Alipokuwa mahututi mwezi Februari 1685, matabibu wake walimtoa damu, wakamchoma ngozi ya kichwa kwa dawa za kutoa malengelenge, na wakamnywesha matone hayo ya fuvu. Alifariki baada ya siku chache. Yule aliyekuwa na uwezo wa kununua kila dawa katika nchi yake aliteswa kwa dawa kuliko maskini asiyekuwa na kitu.

SINDANO YA VISIWA VYA SSESE

Huenda msikilizaji akasema kuwa hayo ni ya mbali. Basi tusogee karibu, kwenye Ziwa letu la Viktoria.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uenezwao na mbung'o ulifagia kandokando ya ziwa. Kwa upande wa Uganda inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa kati ya mwaka 1900 na 1920. Mwaka 1906 alikuja bingwa mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, na wagonjwa wakamiminika. Aliwadunga dawa iliyoitwa atoksili.

Jina hilo maana yake ni kitu kisichokuwa na sumu. Lakini ndani yake mlikuwa na aseniki, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zijulikanazo. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: vijidudu vilitoweka katika damu, na waliokuwa hawajiwezi wakasimama. Baada ya muda ugonjwa ulirejea. Koch akaongeza kipimo. Hapo ndipo wagonjwa zaidi ya 20 walipopofuka, kwa sababu sumu ile iliharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na upofu huo haukuwa na dawa. Wengine walikimbia kambi. Kwa upande wa Wajerumani kambi za namna hiyo zilifunguliwa pia, mojawapo ikiwa Kigarama katika eneo la Bukoba, ndani ya mkoa wetu huu wa Kagera.

Hapa panahitaji insafu. Ipo tofauti kubwa baina ya mumia na atoksili. Waliouza mumia kwa karne nyingi hawakuhesabu nani alipona na nani alikufa. Waliodunga atoksili, pamoja na ukali wao juu ya watu ambao hawakuwa na sauti, waliandika: huyu amepona, huyu amepofuka, kipimo kilikuwa hiki. Kwa sababu waliandika, kipimo kile kikubwa kiliachwa, na wengine wakatafuta kilicho bora. Safari haikuwa fupi. Mwaka 1949 ilipatikana dawa nyingine, melasoproli, nayo pia ya aseniki. Iliwaokoa wengi waliokuwa wa kufa, lakini iliunguza mishipa kama moto, na katika kila wagonjwa 100 iliwaua takriban 5. Malale ya aina ya Afrika Mashariki, ambayo misitu ya Biharamulo inaijua tangu zamani, yaliendelea kutibiwa kwa dawa hiyo kwa miongo mingi. Mwaka 2024 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hiyo ya malale, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda. Kutoka Ssese hadi kwenye vidonge hivyo imepita zaidi ya miaka 110.

YALIYOMO MAJUMBANI MWETU

Sasa tuingie ndani kwetu, kwani hili ndilo lililotusukuma kuzungumza.

Katika vijiji vyetu mtoto akikohoa kwa muda mrefu, utasikia: "Huyo ana kimeo, apelekwe akakatwe." Mtoto hushikwa kwa nguvu, mdomo hupanuliwa, na kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi hukatwa kwa wembe au kwa chuma kilichopindwa. Kinyama hicho si ugonjwa. Kila mwanadamu ameumbwa nacho, na kina kazi yake pale tunapomeza. Mtoto anayekohoa wiki nzima na zaidi huenda ana nimonia au kifua kikuu, na kifua kikuu hakikatwi kwa wembe. Yanayoingia kwa wembe huo ni kutokwa damu kusikokoma, usaha, pepopunda, na ikiwa umetumika kwa watoto wengi, hata virusi vya UKIMWI.

Kadhalika kuna hayo yaitwayo meno ya plastiki. Mtoto mchanga wa miezi michache akipata homa na kuharisha, hufunguliwa kinywa, na ufizi huonekana umevimba na kuwa na weupe. Huo ndio mahali ambapo meno yake ya asili yanajiandaa kutoka. Mtu huchukua sindano, kisu au spoku ya baiskeli, akachimbua ufizi na kukitoa kidude cheupe, kisha akamwonesha mama: "Haya ndiyo yaliyokuwa yakimuua mwanao." Mama huamini kwa sababu amekiona kwa macho yake. Alichokiona ni jino changa la mtoto wake. Sisi walimu wa madrasa tunawapokea baadhi ya watoto hao wakiwa wakubwa, meno yao yakiwa yameota kombo au hayapo. Hao ndio waliojaaliwa kuishi. Wale waliokufa kwa kutokwa damu au kwa kuharisha kulikoachwa bila ya kutibiwa, hatuwaoni madrasa.

Na kuharisha kuna dawa ambayo haitishi hata kidogo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko India mpakani mwa Bangladeshi, kipindupindu kilikuwa kikiua watu wapatao 30 katika kila wagonjwa 100. Daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa na maji ya kutundika, aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi kwa vipimo. Vifo katika kambi ile vikashuka hadi chini ya 4 katika 100. Dawa hiyo leo ipo katika pakiti ndogo kwenye kila zahanati. Mtoto anayechimbuliwa ufizi anakosa kikombe cha maji hayo.

Je, Uislamu umenyamaza juu ya hili? La. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya Ummu Qays bint Mihsan (R.A.) aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mwanawe aliyekuwa ameminywa kooni kwa ajili ya ugonjwa ulioitwa 'udhra. Wafafanuzi wa Hadithi wameeleza kuwa hayo ni maumivu ya koo karibu na kimeo, na kwamba akina mama wa zama hizo walikuwa wakilibonyeza au kulichoma eneo hilo mpaka litoke damu. Mtume (S.A.W.) alilikataa jambo hilo, akawauliza kwa nini wanawatesa watoto wao namna hiyo, na akawaelekeza kwenye dawa isiyokuwa na mateso. Tuzingatie: akina mama wale hawakuwa waovu. Walikuwa wakiwapenda watoto wao. Hata hivyo mapenzi yao hayakuyafanya mateso yale kuwa tiba.

BIASHARA YA VIUNGO

Liko kubwa kuliko hilo, nalo ni zito kulitamka. Tangu kati ya mwaka 2006 na 2007 mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa madai ya waganga kwamba viungo hivyo huleta utajiri na bahati. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini mwezi Mei 2024, humu humu mkoani Kagera, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa kutoka mikononi mwa mzazi wake, na mwezi Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umeondolewa baadhi ya viungo.

Ualbino ni upungufu wa rangi ya ngozi, nywele na macho. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, hata kama wao wenyewe ni weusi. Hakuna siri ndani ya mfupa wake isiyokuwamo ndani ya mifupa yetu.

Sasa rejeeni kwa yule mfanyabiashara wa Aleksandria. Watu walipoamini kwamba mwili wa binadamu ni dawa, na wakawa tayari kulipa, makaburi ya kale yakaisha na maiti wapya wakatafutwa. Kanuni ni hiyo hiyo. Penye mnunuzi ndipo panapozaliwa muuaji. Anayekwenda kwa mganga akaambiwa alete kiungo cha mtu, kisha akarudi nyumbani akanyamaza, ameshaingia katika biashara hiyo hata kama hakushika panga. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Ikiwa maiti ana hadhi hiyo, itakuwaje kwa mtoto aliye hai?

MIZANI MINNE

Huenda mtu akauliza: basi tuache dawa zote za wazee wetu? Hatujasema hivyo. Mwanamke wa Kichina Tu Youyou aliipata dawa ya malaria kwa kurejea kitabu cha karne ya 4 kilichotaja mmea wa pakanga. Lakini hakukomea kwenye kitabu. Yeye na wenzake waliichuja, wakaipima kwa wanyama, na mwaka 1972 wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Dawa mseto tunayopewa zahanati imetokana na kazi hiyo, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ukale wa dawa si aibu, wala si hoja. Kwa hiyo tunapendekeza mizani minne.

Kwanza, ni nani anayetibu? Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba mwenye kujitia katika utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, basi anabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Mwenye wembe wa kimeo aulizwe: mtoto akifa, utakuwa wapi?

Pili, ndani yake mna nini? Jina zuri halitoshi. Atoksili iliitwa isiyokuwa na sumu. Leo nazo ziko dawa zinazobandikwa majina ya kidini ili zisiulizwe. Muuzaji akikataa kueleza kilichomo na kipimo chake, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha.

Tatu, ni nani amewahesabu walioumia? Waliopona husimulia, na waliokufa hawasimulii. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wa dini zote, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wapo waliofia njiani na foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakaharibikiwa. Wingi wa watu haukuwa ushahidi. Abdul-Latif al-Baghdadi, yule tuliyemtaja, alikuta vitabu vyote vikifuata kauli ya Galen kwamba taya la chini lina mifupa miwili. Akaenda kwenye lundo la mifupa ya waliokufa kwa njaa ya Misri, akachunguza mafuvu zaidi ya 2,000, akaona mfupa ni mmoja. Akaliamini jicho lake kuliko jina la bingwa.

Nne, je, dawa hiyo inataka haki ya mtu mwingine? Dawa inayodai damu, kiungo au kaburi la mtu si dawa, hata ikiletwa na anayesoma aya.

HITIMISHO

Ndugu zetu, Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa kwa jirani zetu wa Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi mwaka huo, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na wote 10 walifariki. Ugonjwa wa namna hiyo huanza kwa homa kama malaria, kisha huambukiza kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Mwenye kumchanja chale mgonjwa wa homa asiyoijua anajiua yeye, na wembe wake unawaua wengine. Homa ikija, tusiitafutie mchawi wala jino. Tuipeleke zahanati mapema.

Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake iwapo anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika mno, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, na akabainisha kwamba ponyo la asiyejua ni kuuliza. Wenzake wale hawakumpiga jiwe. Walitoa jibu tu bila ya elimu.

Basi mtoto wa jirani akiugua, na mama yake akatuuliza la kufanya, tukumbuke kuwa jibu letu laweza kuwa wembe. Kama hatujui, tuseme hatujui, na tumsindikize kwa anayejua, tena usiku huo huo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu watoto waliotangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaouliza kabla ya kutenda. Amin.